Nyumbani Mwako Mna Watu Wangapi?

Swali hili ni jepesi masikioni, na mtu aliyetulia kwao hulijibu pasipo kufikiri. Lakini katika Dadaab, nchi ya mchanga na miiba iliyo kilomita 100 hivi kutoka mji wa Garissa kuelekea mpaka wa Somalia, halina wepesi hata kidogo. Kwa jibu la swali hili watu wamepata chakula. Kwa jibu hilo hilo wengine wamepata safari ya kwenda Marekani, na wengine wameikosa, wakabaki wakiwatazama ndugu zao wakipanda gari.

Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, wakati Serikali ya Siad Barre ilipoanguka katika Mogadishu na watu wakaanza kuvuka mpaka makundi kwa makundi. Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Kambi hizo tatu zilikusudiwa kuwatosha watu 90,000. Katika mwaka wa ukame na njaa, yaani 2011, wakimbizi walioandikwa pale walipita 450,000, hata Dadaab ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya Kenya.

Kila aliyefika ilimpasa kuandikwa, na hakuandikwa peke yake bali pamoja na watu wa nyumba yake. Kadi ya posho ilionyesha hesabu ya wale wanaokula pamoja. Karani huuliza, mtu hujibu, tarakimu huingia katika kadi, na tangu siku hiyo jamaa ya mtu ina kipimo kama gunia la mahindi. Mjane aliyevuka mpaka na watoto wanne wa kuwazaa mwenyewe na wawili wa marehemu dada yake husema ana watoto sita. Hasemi uongo. Kwa lugha yake na kwa desturi yake wote ni wa nyumba yake, na wote hula katika sufuria moja. Wala karani wa posho hana neno naye, kwa kuwa unga hauulizi nani kamzaa nani.

Mambo ya namna hii si mageni katika Kenya. Kodi ya nyumba ilipowekwa mwaka 1901, nyumba ya kila mke ilihesabiwa mbali, na mzee mwenye wake wengi alijikuta analipa kuliko jirani yake. Basi watu wakaanza kusongamana katika nyumba chache ili hesabu ipungue. Kodi huwapunguza watu wa nyumbani, na posho huwazidisha. Hilo si la Wasomali wala si la wenyeji wa bara, ni la wanadamu wote wanaohesabiwa na mtu mwenye kalamu.

Yafaa msomaji afahamu jinsi Wasomali wanavyoitana, maana humo ndimo ulimo mzizi wa mambo yaliyofuata. Dada wa mama huitwa habaryar, na maana yake hasa ni mama mdogo, kama Waswahili wasemavyo. Neno hili si la heshima tupu. Lina kazi ndani yake: mama akifa, mama mdogo yupo, na mtoto hahami kutoka umama kwenda ugeni. Kadhalika iko desturi iitwayo dumaal, ambayo ndugu wa marehemu humwoa mjane ili watoto wasitawanyike. Watoto hao hulelewa na baba yao mdogo kama baba, wakala kwake, wakaolea kwake. Hata hivyo hawabadilishi jina, kwa kuwa sheria ya Kiislamu hairuhusu mlezi kumfutia yatima nasaba yake. Mtoto hubaki na jina la baba aliyemzaa, na baada yake jina la babu. Mke naye, akiolewa, habadili jina. Hubaki binti wa baba yake mpaka kufa. Kwa hiyo katika nyumba moja yenye amani waweza kukuta majina matatu ya mwisho, na hapana cheti hata kimoja cha mahakama cha kuonyesha kuwa yatima aliyemo ni wa mle ndani. Nani angekwenda kuomba cheti cha kumlea mtoto wa dada yake?

Sasa na tuseme habari za Marekani. Nchi hiyo ilianza kuwachukua wakimbizi wa Kisomali baada ya vita kuanza, na kati ya waliochukuliwa wengi walitoka Dadaab. Wanaokumbukwa zaidi ni wale waitwao Wabantu wa Somalia, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi za Wazigua, Wayao, Wamakua na wengineo, wakauzwa katika pwani ya Somalia na kulimishwa katika mabonde ya mito. Baadhi yao husema Kizigua mpaka leo. Wengine walipokimbia vita walielekea moja kwa moja Tanganyika ya mababu zao, nao wakapewa makao katika Chogo, wilaya ya Handeni, na baadaye uraia wa Tanzania. Wale waliokuwa Dadaab, watu 12,000 hivi, walikubaliwa na Marekani mwaka 1999. Mwaka 2002 wakahamishwa kwa mabasi mpaka Kakuma, upande wa pili wa Kenya, ili wakahojiwe huko kwa usalama, na kuanzia mwaka 2003 wakasafirishwa na kutawanywa katika miji mingi ya Marekani.

Mbele ya afisa wa kuhoji, swali lilikuwa lile lile la karani wa posho: nyumbani mwako mna watu wangapi? Lakini kipimo kilikuwa kingine. Kwa sheria ya Marekani, jamaa ni mume, mke mmoja, na watoto wao wasiooa wala kuolewa ambao hawajatimiza miaka 21. Mwenye wake wawili hana nafasi. Sheria ya kukataza wake wengi ilitungwa huko mwaka 1862, Mahakama Kuu ya nchi ikaithibitisha mwaka 1879, na tangu mwaka 1891 sheria ya uhamiaji humzuia mtu wa namna hiyo kuingia. Mwanamume aliyeoa wawili kwa halali ya dini yake ilimbidi kumwandika mmoja, na yule wa pili akawa mwanamke mwenye kadi yake na watoto wake, asiye na mume katika karatasi. Kuchagua huko kulifanywa nyumbani usiku, si mbele ya afisa, na faili hazionyeshi maneno yaliyosemwa.

Aliyekwisha fika Marekani aliweza kuwaombea waliobaki kwa mpango ulioitwa Kipaumbele cha Tatu. Aliweza kumwombea mume au mke, watoto wasiooa walio chini ya miaka 21, na wazazi. Ndugu aliyekwisha oa hakuwamo. Bibi aliyemlea hakuwamo. Mama mdogo hakuwamo, labda aandikwe kuwa mama.

Na wengi wakaandikwa hivyo. Kati ya mwaka 2003 na 2008 watu 36,000 hivi waliingia Marekani kwa mpango huo, karibu wote wakiwa Waafrika, na Wasomali, Waethiopia na Waliberia ndio waliokuwa wengi. Mwanzoni mwa 2008 maofisa wa Marekani, kwa kushuku udanganyifu, wakaanza katika Nairobi kuwapima waombaji kwa kipimo cha DNA. Kipimo chenyewe hakina maumivu. Mtu hufunua kinywa, hufutwa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, kijiti hutiwa katika bahasha, basi. Walianza na watu 500 hivi, wengi wao Wasomali na Waethiopia, kisha kikapelekwa katika nchi nyingine za Afrika mpaka wakapimwa 3,000 hivi. Majibu yakawashtua waliotuma. Katika kila maombi 100, yale ambayo undugu wote uliotajwa ulithibitika hayakufika 20. Katika yaliyosalia, ama mtu mmoja angalau alionekana si wa damu ile, ama watu walikataa kupimwa au hawakutokea. Mpango ukasimamishwa mwaka ule ule, na haukufunguliwa tena mpaka Oktoba 2012, ambapo kipimo kilifanywa kuwa sharti kwa mzazi na mtoto.

Magazeti ya Marekani yakaandika kuwa wakimbizi wamesema uongo. Ni kweli kuwa uongo ulikuwapo, wala haifai kuuficha. Nafasi ziliuzwa. Jina la mtoto aliyekufa lilipewa mtoto wa jirani, na watu wasiojuana jana wakaitwa ndugu leo kwa ajili ya fedha. Kila mkaaji wa Dadaab alilijua jambo hilo, na waliodhulumika zaidi ni wakimbizi wenzao waliongoja foleni yao kwa haki. Lakini kijiti cha pamba kina majibu mawili tu, ndiyo na hapana. Hakiwezi kumtenga mwuza nafasi na mama mdogo. Mtoto wa dumaal, aliyemwita mtu baba tangu alipojua kusema, akipimwa huonekana mtoto wa ndugu. Yatima aliyebebwa mgongoni kutoka Bonde la Juba mpaka Liboi huonekana si mtoto. Na liko zito kuliko hilo: katika vita wanawake walitendewa jeuri, na mama aliyefunika siri yake kwa ajili ya heshima ya mtoto angeweza kufunuliwa na barua ya ofisi, mbele ya mume aliyekuwa na hakika kuwa ndiye baba. Si ajabu kwamba wako waliokataa kufunua vinywa.

Mtu aweza kujibu kuwa Marekani ni nchi ya wenyewe, nao wana haki ya kupima jamaa kwa kipimo cha kwao. Neno hilo lina nguvu. Mgeni hali kwa sahani aliyoichagua. Lakini je, kipimo kile ndicho cha kwao kweli? Tangu lini?

Katika hesabu ya kwanza ya watu wa Marekani, mwaka 1790, nyumba ya watu huru ilikuwa na watu karibu sita kwa wastani, na mle ndani mlikuwa na watumishi, wanafunzi wa ufundi, wapangaji, na ndugu wasio na pa kukaa. Watumwa hawakuwa na ndoa mbele ya sheria. Mume aliweza kuuzwa upande huu na mke upande ule. Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, ofisi ya Serikali iliyowekwa kuwasaidia walioachwa huru ilifanya kazi ya kuwaandikia ndoa zao watu waliokuwa wameishi pamoja miaka mingi. Kwa miaka mingi baadaye watu weusi walitia matangazo katika magazeti wakiwatafuta mama na watoto waliouzwa. Mtu aliyewaona wahudumu wa Msalaba Mwekundu katika Dadaab wakiandika majina ya waliopoteana njiani hatayashangaa matangazo hayo.

Jamaa ya baba aendaye kazini, mama akaaye nyumbani na watoto wawili au watatu, ambayo watu wengi huidhani kuwa ndiyo jamaa ya Kimarekani ya asili, ilistawi hasa baada ya vita kuu ya pili. Ilikuwa na sababu zake. Askari waliorudi walisaidiwa na Serikali kupata elimu na nyumba, mishahara ilipanda, na nyumba ndogo ndogo zilijengwa nje ya miji kwa maelfu, kila moja na bustani yake. Malipo ya uzeeni, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1935, yaliwawezesha wazee kukaa peke yao. Katika mwaka 1956 mwanamke wa Marekani aliolewa, kwa wastani, akiwa na miaka 20, na mwanamume akaoa akiwa na miaka 22 na nusu. Mababu zao hawakuoa mapema hivyo. Sinema na televisheni zikaichukua picha hiyo na kuieneza, hata watu wakaona kana kwamba imekuwapo tangu Adamu. Bi Stephanie Coontz, mwanahistoria wa huko, aliandika kitabu mwaka 1992 kuwaeleza wenziwe kuwa zama wanazozililia hazikuwa vile wanavyozikumbuka.

Picha yenyewe haikudumu. Sheria ya talaka pasipo kuthibitisha kosa la mume wala mke ilitiwa sahihi katika jimbo la California mwaka 1969, nayo Gavana alikuwa Bwana Ronald Reagan. Ikaanza kutumika mwaka 1970, na majimbo mengine yakafuata. Wanawake wakaingia kazini kwa wingi. Mwaka 1960, katika kila watoto 100 wa Marekani, 9 hivi walikaa na mzazi mmoja; katika miaka ya karibuni ni robo yao hivi. Nyumba zenye mtu mmoja peke yake zilikuwa 13 katika kila 100 mwaka ule wa 1960, na katika hesabu ya mwaka 2020 zilikuwa zaidi ya 27. Watu sasa huoa wakikaribia miaka 30. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ilifuta sheria zilizokataza watu weupe na weusi kuoana, na mwaka 2015 ikaamuru kuwa ndoa ya watu wa jinsia moja ikubaliwe katika majimbo yote, jambo ambalo wazee wa Garissa hawatalikubali, lakini laonyesha umbali uliopitiwa.

Liko na jambo jingine ambalo halitangazwi sana. Mwaka 1940 robo ya Wamarekani walikaa katika nyumba zenye vizazi viwili vya watu wazima au zaidi. Mwaka 1980 hesabu hiyo ilikuwa imeshuka mpaka 12 kwa mia. Mwaka 2021 ilikuwa imepanda tena kufika 18. Kodi za nyumba zimekuwa ghali, vijana hurudi kwa wazazi, wazee huhitaji kutunzwa, na wageni kutoka Asia na Amerika ya Kusini wamekuja na desturi zao. Watu wa nchi ile ile iliyomnyima mama mdogo nafasi katika fomu wanaanza kumkumbuka.

Wala jambo hilo halikufika mahakamani kwa ajili ya wageni. Katika mji wa East Cleveland, jimbo la Ohio, alikuwako mwanamke mweusi, Bi Inez Moore. Alikaa na mwanawe na wajukuu wawili, nao wajukuu hao hawakuwa ndugu wa baba mmoja bali watoto wa ndugu wawili. Mmoja aliletwa kwa bibi akingali mchanga, mama yake alipofariki. Sheria ya mji ilieleza ni ndugu wa namna gani waruhusiwao kukaa nyumba moja, na mjukuu huyo wa pili hakuwamo. Bi Moore akaambiwa amwondoe. Akakataa, akashtakiwa, akahukumiwa siku tano gerezani na faini ya dola 25. Akakata rufani mpaka Mahakama Kuu ya nchi, na tarehe 31 Mei 1977, kwa majaji watano dhidi ya wanne, hukumu ikatenguliwa. Jaji Lewis Powell alieleza kuwa desturi ya bibi, wajomba na mashangazi kukaa pamoja na wazazi na watoto ni ya kale na yastahili kulindwa kama ile ya wazazi na watoto peke yao. Tofauti ilikuwa jaji mmoja tu. Bibi huyo alikuwa raia, katika nyumba yake mwenyewe. Hata hivyo ilimbidi aende mbali hivyo ili amlee mjukuu wake.

Miaka 40 baadaye swali likarudi, na safari hii Wasomali walikuwamo. Januari 2017 Rais Donald Trump alitoa amri ya kuwazuia watu wa nchi saba kuingia Marekani, Somalia ikiwa mojawapo. Mwezi wa Juni Mahakama Kuu iliruhusu sehemu ya amri ya pili, iliyochukua mahali pa ile ya kwanza, itumike, illa kwa wale wenye undugu wa kweli na mtu aliye Marekani. Mara maofisa wakatoa orodha: mzazi ni ndugu wa kweli, mkwe ni ndugu wa kweli, lakini babu na bibi siyo, wala shangazi, wala mjomba. Mwezi wa Julai jaji wa Hawaii, Bwana Derrick Watson, akaikataa orodha hiyo, akasema kuwa ukiwaacha babu na bibi huna tena maana ya neno ndugu wa karibu. Watu wa Dadaab hawakuhitaji jaji kuwaambia hilo. Walihitaji jaji kuwaambia maofisa.

Katika mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, yako majumba marefu ya ghorofa yenye vipande vya rangi, yaliyofunguliwa mwaka 1973 katika mtaa wa Cedar-Riverside. Katika miaka hiyo ulikuwapo mchezo wa televisheni uliopendwa sana, wa Mary Tyler Moore, juu ya mwanamke asiyeolewa, afanyaye kazi na kukaa peke yake. Na katika miaka ya mwisho ya mchezo huo, majumba hayo ndiyo yaliyoonyeshwa kuwa makao yake. Yalikuwa alama ya maisha mapya. Leo wakaao humo wengi wao ni Waafrika, na Wasomali kwa wingi. Vyumba vilivyochorwa kwa mtu mmoja au wawili vimejaa bibi, wajukuu na binamu, na harufu ya uzile na iliki ngazini. Fundi aliyeyachora hakuwafikiria.

Lakini Wasomali nao wamebadilika humo. Mama hufanya kazi ya zamu katika kiwanda cha nyama na kurudi na mshahara wake mwenyewe mkononi. Mtoto wa miaka kumi humkalimania babu yake hospitalini, na babu aliyezoea kuamua mambo ya ukoo hungoja mjukuu aseme daktari kasema nini. Si jambo dogo kwa mzee. Vijana huchagua wachumba wao. Wengine wamekwenda mbali sana: Bi Ilhan Omar, ambaye mama yake alifariki yeye angali mdogo akalelewa na baba na babu, alikaa miaka minne katika kambi ya Utange karibu na Mombasa, akaingia Marekani mwaka 1995, na mwaka 2018 akachaguliwa na watu wa Minneapolis kwenda bungeni Washington. Babu aliyemlea ndiye ambaye orodha ya mwaka 2017 isingemtambua.

Ukitaka kujua jamaa ya Msomali wa Minneapolis ina watu wangapi, usisome karatasi zake za uhamiaji. Tazama huwapelekea nani fedha. Fedha hizo hupita kwa wakala wa hawala, na Dadaab hulipwa kwa neno la siri na simu. Novemba 2001 Marekani ilipolifunga shirika la Al-Barakaat, lililokuwa kubwa kuliko yote ya kazi hiyo, mama wadogo wengi walilala njaa kwa kosa wasilolijua. Baadaye njia nyingine zikapatikana. Yule aliyeachwa nje ya fomu humo ndimo alimoandikwa: dola 50 kwa mke wa pili, dola 30 kwa yatima aliyekataliwa na kijiti, sasa mtu mzima mwenye watoto wake. Si haba kati ya wapelekao ambao wenyewe hukopa. Waliobaki nao hungoja, na kungoja huko kumepata jina katika Kisomali, buufis, ile hamu ya kwenda ng'ambo inayomjaa mtu hata asiweze kulala wala kufanya kazi iliyo mbele yake. Watu wa Dadaab husema kuwa imewaharibu vijana wenye akili timamu.

Amri ya mwaka 2017 ilifutwa na Rais Joe Biden Januari 2021. Januari 2025 Bwana Trump, aliporudi katika kiti, alisimamisha mpango wote wa kupokea wakimbizi, na mwezi wa Juni mwaka huo Somalia ikatiwa tena katika orodha ya nchi zinazozuiwa. Waliokuwa wamekwisha hojiwa, wakapimwa afya na kuuza vyombo vyao, walirudi kununua sufuria. Mwaka huo huo posho ya Dadaab ilipunguzwa sana kwa ukosefu wa fedha, na tarakimu iliyo katika kadi ikawa haina tena maana iliyokuwa nayo.

Katika shule za Minneapolis mwalimu hufungua daftari kila asubuhi na kuita majina. Mtoto wa Kisomali huitika kwa jina la mwisho, na mwalimu hulidhani kuwa ni jina la ukoo, kama ilivyo desturi ya huko. Silo. Ni jina la babu yake. Mara nyingine babu huyo yu hai, naye wakati huo jioni inamwingilia Ifo, amekaa nje ya nyumba yake ya mabati, katika kadi yenye mtu mmoja.